Mguu wa Shemeji

Shemeji yangu alimpasua mdogo wangu jicho dakika ya sabini na moja ya mechi ya kwanza. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Sikusimuliwa.

Ilikuwa kona. Sisi Mataniko Rovers na wao Tandai Stars tulikuwa tumemaliza ligi ya Visiwa vya Solomon tukiwa wawili wa juu, na utaratibu wa mwaka ule ulitaka wawili hao wakutane mara mbili, Jumatano na Jumamosi, mshindi wa jumla ndiye aende Ligi ya Mabingwa wa Oceania. Mwingine abaki nyumbani. Mechi zote mbili zilipangwa hapa hapa Honiara, kwenye uwanja ule wa mlimani ambako watu hukaa kwenye nyasi za mteremko, na aliyekosa nyasi hupanda mti. Katika kikosi chetu cha watu ishirini na watatu, kumi na tisa hatukuwa tumewahi kupanda ndege. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, beki wa kati na nahodha, na siku za kazi nilikuwa kuli bandarini. Nilijua nafasi nyingine haitakuja.

Mdogo wangu Ellison ndiye aliyekuwa golini. Kona ilipopigwa alitoka vizuri, akaruka, akaudaka mpira kwa mikono miwili. Shemeji naye akaruka. Macho yake hayakuwa kwenye mpira. Niliuona mkono wake ukijikunja kabla miguu yake haijaondoka ardhini, kisha kiwiko kikatangulia, kikamwingia Ellison usoni, kikazama. Mpira ukamponyoka. Mchezaji wao mmoja akausukuma wavuni kwa goti. Refa, ambaye alikuwa anautazama mpira tu, akaonyesha katikati ya uwanja.

Goli.

Ellison alikuwa amepiga magoti, glavu zote mbili usoni. Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole, na si damu peke yake.

"Moffat," akaniita, "nikinge jua. Linanichoma."

Jua lilikuwa nyuma yake.

Nilimvuta refa fulana, nikaonyeshwa kadi ya njano. Shemeji alikuwa amekimbia kwenda kushangilia na wenzake. Alipogeuka na kuuona uso wa Ellison alisimama ghafla, mikono ikamshuka. Hakuja. Alirudi upande wao akitazama chini. Mechi ikaisha moja bila, wakiwa mbele.

Alhamisi asubuhi daktari alilitoa lile jicho. Alituambia kwa upole kwamba hapakuwa na kitu cha kushona.

Kwetu kisiwani Malaita shemeji hatukanwi, haguswi kichwa, na jina lake halitoki kinywani mwako. Anaitwa Zebedee Kera, mtu wa Gizo, kisiwa cha mbali. Hapa naliandika, lakini kulitamka sijawahi tangu amwoe dada yangu Rosina miaka saba iliyopita. Na sikuwa namchukia. Kwenye mechi za ligi mimi ndiye niliyekuwa nikimkaba, na kila nilipotaka kumchota miguu nilitangulia kusema, "Samahani shemeji," naye huruka huku anacheka, "Karibu shemeji." Mashabiki walikuwa wakituigiza mitaani. Watoto wake wawili hulala kwangu wakati wa likizo.

Mchana ule ule wa Alhamisi nilimkuta baba mdogo Misitana kwenye ua wa nyumba yetu, ng'ambo ya mto, na wanaume kumi na mmoja wa ukoo. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba mdogo. Alikuwa ameketi juu ya gogo, anatafuna popoo kwa chokaa, anatema wekundu katikati ya miguu yake. Binamu yangu Nixon alikuwa ananoa panga kwenye jiwe. Hakunitazama.

"Limetoka?" baba mdogo akauliza.

"Limetoka."

"Zima?"

"Baba mdogo, wamelitoa. Hakuna zima wala nusu."

Akatema. "Basi Jumamosi tunamsubiri kwenye lango la kutokea uwanjani. Akitoka pale na mikono yake yote miwili, mimi siitwi Misitana tena."

"Ule ni mchezo," nikasema. "Twende kwa polisi."

Nixon akacheka. "Polisi wamkamate kwa kosa gani? Kuruka?"

"Na Rosina je? Na watoto?"

"Rosina ni wetu," akasema baba mdogo. "Atarudi hapa na watoto wake. Chakula kipo."

"Mkimkata mikono atakufa. Atavuja damu palepale langoni."

"Moffat." Aliliita jina langu taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Ulikuwa hatua mbili. Kaka mtu, hatua mbili, na ukarudi nyumbani na fulana safi. Usinifundishe mimi nani afe."

Nilikuwa na aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine: sehemu yangu ilitaka waende. Usiku wa Jumatano nilikuwa nimeshamuua shemeji kichwani mara nyingi, kwa namna nyingi.

Ijumaa nilipokwenda hospitalini nilimkuta dada Rosina nyuma ya wodi, kwenye mabomba, anafua fulana ya Ellison. Maji ya beseni yalikuwa ya rangi ya chai. Mume wake alikuwa hajakanyaga pale, na kwa kweli angekanyaga asingetoka. Dada ana miaka mitatu zaidi yangu, na kwa desturi yetu mimi na yeye hatuzungumzi mambo ya mumewe hata kidogo. Siku hiyo aliyazungumza.

"Nimesikia mpango wa langoni," akasema bila kuinua kichwa. "Mke wa Nixon ameniambia."

"Mwambie asije uwanjani. Apande meli leo."

"Nimemwambia. Nimempigia magoti. Anasema akikimbia watasema alikusudia." Akaikamua fulana. "Na hata akikimbia, watamfuata Gizo. Unamjua baba mdogo."

"Namjua."

"Moffat, mvunje mguu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mvunje mguu, ndani ya mechi, watu wote wakiona. Vibaya. Uvunjike kabisa, wambebe kwa machela, wazee waridhike." Sauti yake ilikuwa imenyooka. "Mguu unaunga. Mkono uliokatwa na panga hauungi. Na wewe ndiye kaka wa Ellison, ukifanya wewe hakuna mwingine mwenye haki ya kufanya tena."

"Dada, mimi siwezi..."

"Unaweza. Nimekuona ukicheza." Aliiweka fulana begani, akanikazia macho kwa mara ya kwanza. "Na asijue kamwe. Akijua ni mimi niliyekutuma, sina ndoa. Akuchukie wewe. Utavumilia?"

Nikamwambia nitavumilia. Nilijibu haraka mno. Mtu huwa hajui anachokubali.

Jioni nikarudi kwa baba mdogo, nikamwambia deni la Ellison ni langu, nitalidai mwenyewe uwanjani. Wazee walitazamana. Nixon alisema nitaogopa kadi nyekundu kwa sababu natamani ndege. Baba mdogo akatafuna kwa muda mrefu.

"Mimi nitakaa mlimani na watu wangu," akasema mwishowe. "Nikiusikia mfupa kutoka pale nilipo, nitarudi nyumbani kupika. Nisipousikia hadi filimbi ya mwisho, tunashuka."

Jumamosi saa tisa mteremko ulikuwa umejaa hadi juu, miavuli na matawi, na jua lilikuwa kali. Upande wa Tandai walitupokea kwa wimbo waliotunga wiki ile ile.

"Rovers! Kipa wenu ana jicho la akiba?"

Upande wetu wakajibu kwa chupa. Wiki nzima matusi yalikuwa yamepanda mitaani, kwenye mabasi, sokoni, na vijana wawili wa Tandai walikuwa wamepigwa Ijumaa mpaka mmoja akapoteza meno. Polisi walikuwa wengi kuliko siku zote lakini bado wachache.

Kocha wetu, Tepai, mtu wa Rennell mwenye shingo nene, alitukusanya kwenye chumba cha kuvalia. "Sitaki kisasi," akasema. "Nataka magoli. Moja, tunakwenda penalti. Mawili, tunapanda ndege. Moffat, nahitaji uwe baridi. Ukitoka wewe tumekwisha."

"Sawa kocha," nikasema.

Dakika ya tisa nikamwendea. Mpira ulikuwa unashuka kwenye kifua chake, mgongo wake kwangu. Niliingia chini kwa nguvu zote, daruga mbele, nikilenga juu kidogo ya kifundo. Aliruka. Sijui aliniona vipi. Nilipita chini yake, nikachimba nyasi mita mbili. Aliponitazama hakuwa anacheka.

"Shemeji," akasema, "leo hujaomba samahani."

Hapo nikajua kwamba anajua nimekuja kufanya nini, ila hajui kwa nini. Na yeye hakuwa mtu wa kungoja. Dakika chache baadaye, nikiwa nimeanguka, alikanyaga mkono wangu wa kulia kwa daruga na kusokota kisigino kama mtu anayezima sigara. Kucha mbili ziling'oka. Kwenye mpira wa juu uliofuata nilimpiga goti la mgongo. Akarudisha kwa kichwa, kikanipata mdomoni, nikameza kipande cha jino. Refa alituita wote wawili, akatuonya, akatuonyesha kadi za njano. Mate yangu yalikuwa mekundu kama ya mla popoo.

"Unataka nini kwangu?" akanifokea tukiwa tumesimama bega kwa bega tukisubiri kona. "Nimeshamlilia Ellison siku tatu!"

"Njoo umwambie yeye."

"Niende wanikate?"

"Basi nyamaza, cheza."

Dakika ya thelathini na nane winga wetu alipiga shuti la mbali, likamgonga beki wao, likabadili njia, likaingia. Moja bila. Jumla moja kwa moja. Mlima ukapiga kelele ambayo niliisikia miguuni. Wenzangu walinirukia mgongoni, na kwa muda kidogo nilisahau. Nilijiona uwanja wa ndege na begi. Nilimwona mama akipunga mkono. Kisha nikatazama mteremko na kuona wale watu kumi na mbili wameketi kimya katikati ya watu wanaoruka. Kila mmoja alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia la mchele kati ya magoti.

Mapumziko nilitapika kwenye ndoo. Tepai alidhani ni joto, akanimwagia maji.

Kipindi cha pili nilipata nafasi tatu na nikaziacha zote. Nasema ukweli. Mara moja alikuwa chini yangu kabisa, mguu umenyooka juu ya nyasi, nami nikauruka. Mwili ulikataa. Mara nyingine alinipita, akabaki yeye na kipa wetu wa akiba, nikamwacha akimbie, nikisema moyoni wafunge tu, mechi iishe tukimbie sote. Mpira ukagonga mwamba. Tepai alikuwa anapiga kelele pembeni, "Moffat! Umelala?"

Dakika ya sabini na nane nikaona baba mdogo amesimama. Wale wengine wakasimama nyuma yake. Walianza kushuka taratibu kwenye mteremko, wakiomba njia kwa adabu, hadi kwenye uzio wa waya. Nixon alikuwa ameshafungua gunia lake.

Dakika ya themanini na tatu mpira ulitoka vibaya kwa kiungo wao, ukabaki unadunda katikati yetu karibu na mstari wa pembeni, upande ule ule wa uzio. Ulikuwa mpira wa kugawana, sote tuliufuata. Yeye alifika kwanza. Alinyoosha mguu wa kushoto kuusukuma, uzito wake wote ukabaki juu ya wa kulia, uliozama kwenye nyasi.

Nikaingia kwa miguu miwili.

Sikuugusa mpira. Daruga zangu zilimpata katikati ya ugoko, na mguu ukakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Mlio ulikuwa mkavu na mkubwa. Niliusikia kwenye miguu yangu kabla ya masikioni. Shemeji hakupiga kelele mara moja. Alikaa, akautazama mguu wake, soksi ikiwa imesukumwa nje na kitu cheupe chenye ncha, akajaribu kuunyoosha kwa mikono kama mtu anayepanga nguo. Halafu ndipo akapiga ukelele, na sijasikia tena ukelele kama ule, hata bandarini siku kontena lilipomwangukia mtu.

Niligeuka kumtafuta baba mdogo kwenye uzio. Alikuwa ameshika waya. Aliinamisha kichwa mara moja, akageuka, akawapungia watu wake: turudi. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anarudi.

Refa alikuja mbio na kadi nyekundu mkononi, lakini wachezaji wa Tandai walifika kabla yake. Teke la kwanza lilinipata mbavuni, la pili sikioni. Nikajikunja. Wenzangu wakaja kunitetea, ngumi zikachanganyika, Tepai naye akaingia na kiti cha plastiki. Kutoka mteremko wa Tandai jiwe la kwanza likarushwa, kisha mengi. Watu wao wakaanza kushuka kwa kishindo, wanawake kwa wanaume, na uzio ukalala chini kama mkeka. Waliokuwa mbele walianguka na waliokuwa nyuma wakawapanda.

"Wanamuua Moffat!" Ilikuwa sauti ya baba mdogo. "Rudini! Wanamuua mtoto!"

Hivyo ndivyo mapanga yalivyoingia uwanjani. Yalikuja kuniokoa mimi. Baba mdogo alipita katikati ya watu akipiga kwa ubapa, akifungua njia, naye akapigwa nondo ya bega, akashuka kwa goti. Niliona mtu wa Tandai akimpasua kipa wetu wa akiba kichwa kwa kipande cha mbao chenye msumari. Niliona mshika kibendera akikimbia bila kiatu, mgongo mwekundu. Polisi walifyatua mabomu ya machozi, moshi ukashuka na upepo ukauleta kwetu.

Ndani ya moshi ule nikamwona Nixon. Alikuwa amefika kwa shemeji, ambaye wenzake walikuwa wamemwacha chini na machela tupu. Shemeji alikuwa anajivuta kwa viwiko. Nixon akamkanyaga mgongoni, akainua panga.

"Nixon! Nimeshamaliza! Nimeshamvunja!"

Hakusikia, au alisikia. Nilijirusha juu ya shemeji na kuweka mkono wangu wa kushoto juu ya kichwa chake, kichwa kile ambacho sikuwa na ruhusa ya kukigusa. Panga likashuka. Sikuhisi maumivu, nilihisi ubaridi. Vidole viwili vya mwisho vya mkono huo viliangukia kwenye nyasi karibu na uso wake, naye akaviona kabla yangu.

Nixon aliutazama mkono wangu kisha panga. Akasema, "Kaka," kwa sauti ndogo, akakimbilia kwenye moshi.

Tulibaki hivyo, mimi juu, yeye chini, macho yanatuwaka, watu wanaturuka. Jasho lake na damu yangu viliingia mdomoni mwangu. Niliogopa kwamba nikiinuka mwingine atakuja. Nikamuuliza sikioni, "Ulikusudia? Jumatano?"

Alikohoa muda mrefu. "Kiwiko nilikusudia. Nilitaka auache mpira. Jicho sikulitaka, shemeji. Naapa kwa wanangu." Alikuwa analia kwa sauti ya kukwama. "Na wewe?"

"Mimi nilikusudia yote."

"Kwa nini hukuja nyumbani ukanipiga? Ningekaa kimya, ungenipiga hata uchoke. Kwa nini mguu? Mimi nina nini kingine?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Kwa sababu nilitaka," na akageuza uso wake kwenye nyasi. Tulilala hivyo hadi polisi walipotutenganisha.

Mtu mmoja alikufa siku ile. Aliitwa Jasper Rongo, fundi wa injini za boti, shabiki wa Tandai ambaye hakuwa amerusha jiwe wala tusi. Alianguka uzio ulipolala, akakanyagwa. Aliacha mke na mabinti watatu. Habari hiyo niliipata nikiwa kitandani hospitalini, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko, Ellison ameketi pembeni na bandeji yake kichwani.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Sikukwambia umvunje."

"Najua."

"Kila anayekuja hapa ananipongeza," akasema. "Kama vile nimefunga goli. Sijui niwajibu nini." Kisha akasema, "Yule fundi alishatengeneza boti ya baba. Unamkumbuka? Hakutaka hata soda." Nilimkumbuka. Nililia nikiwa nimegeukia ukutani, na Ellison akanishika mguu juu ya shuka hadi nilipomaliza.

Mechi haikumaliziwa. Kamati ilikaa wiki mbili, ikazifuta timu zote mbili, na nafasi ya kwenda Ligi ya Mabingwa ikapewa timu iliyomaliza ya tatu. Walipanda ndege, wakafungwa mechi zote, wakarudi na fulana mpya. Mimi nilifungiwa maisha na sikukata rufaa. Nixon alihukumiwa miaka minne. Baba mdogo miezi kumi na minane, na alipokuwa anatolewa mahakamani alinipita, akasema, "Niliusikia, mwanangu. Nilikuwa narudi." Nikamjibu kwamba nilimwona. Hilo ndilo jambo pekee tulilowahi kuzungumza kuhusu siku ile.

Kwa nyumba ya Jasper Rongo nilikwenda mara moja, na mzee wa kanisa na nguruwe wawili wa fidia. Mjane wake hakutoka. Ndugu wa marehemu alizipokea kamba za nguruwe, akazifunga kwenye mti, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeanza?" Nikasema ndiyo. Akanitazama mkono, akasema niende zangu, na nisipite tena barabara ile.

Nilirudi kazini baada ya miezi mitatu. Mkono wenye vidole vitatu unaweza kubeba gunia ukijifunza kulilaza juu ya kifundo cha mkono. Asubuhi moja tukipakia meli ya Gizo nikawaona wanashuka kwenye teksi: Rosina, watoto wawili, mabegi, na shemeji kwenye magongo. Mguu ulikuwa umeunga vibaya, umefupika, unatazama nje. Nilikuwa nimesikia kwamba wanahamia kwao moja kwa moja, atamsaidia kaka yake kwenye duka, atakaa kwenye kiti na kupima mchele.

Ngazi ya meli ilikuwa na mteremko na maji. Alijaribu mara mbili, gongo likateleza. Mafuriko ya abiria yalikuwa yanamsukuma kutoka nyuma. Nikaweka gunia langu chini, nikaenda, nikachuchumaa mbele yake na kumpa mgongo.

"Panda," nikasema. "Nitakufikisha juu."

"Usiniguse."

"Shemeji, utaanguka."

"Mimi si shemeji yako." Alilisema bila hasira, kama mtu anayetoa anwani. "Nilikuwa na shemeji, alikufa uwanjani. Ondoka mbele yangu."

Makuli wenzangu walikuwa wameacha kupakia, wanatazama. Niliinuka. Mabaharia wawili wakamchukua mmoja huku mmoja huku, wakampandisha akiwa amekaza shingo. Mtoto mkubwa, Loti, alinitazama kana kwamba anataka kunikimbilia, kisha akatazama juu kwa baba yake, akashika begi na kupanda.

Rosina alikuwa wa mwisho. Mumewe alikuwa ameshafika juu, ameegemea reli, anatuangalia. Dada akasimama mbele yangu na kuinua sauti ili isikike hadi kule.

"Umeniharibia nyumba yangu! Umenilemazia mume! Usije Gizo, usiniletee barua, usiniletee salamu!"

Na wakati anasema hayo mkono wake, chini, mahali ambapo aliye kwenye reli hapaoni, ulikuwa umeshika mkono wangu mbovu, umekaza hadi kovu likauma. Machozi yalikuwa yanamtoka na kila aliyekuwepo alidhani anajua ni ya nini.

"Sawa dada," nikasema. "Nimesikia."

Akaniachia, akapanda. Kamba zikafunguliwa, meli ikaondoka gatini ikitoa moshi mweusi. Shemeji alikuwa amegeukia upande wa bahari. Msimamizi akanipigia mluzi, kulikuwa na meli nyingine inasubiri, nikalichukua gunia langu.